Kengele ya mlango kwa kibanio cha nguo: hii yangu iko mlangoni tangu 2021

Dada mleta mada, pole sana. Umesema unakaa chumba kimoja cha kupanga na mwanao wa miaka minne, na mara mbili ndani ya mwezi mmoja umeamka asubuhi ukakuta mlango umesukumwa hadi komeo limelegea. Kengele za dukani huziwezi kwa sasa, umeme nao unakatika. Ukauliza kama kwa vitu vya nyumbani mtu anaweza kupata kengele ya kumwamsha. Anaweza. Mimi ni fundi cherehani, umeme sijausomea, lakini ninayo moja mlangoni kwangu tangu 2021. Nitakueleza yote, pamoja na siku iliponigomea, maana hapo ndipo nilipoielewa.

Nakaa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani. Mlango wa mbele ni wa wapangaji wote, na cha wote unajua kinavyotunzwa. Anayerudi mwisho ndiye afunge, na kila mmoja anaamini kuna mwenzake bado yuko nje. Wiki ya mwisho ya Ramadhani mwaka ule nilikuwa nashona mchana na usiku, kanzu na madera ya Idi. Usiku mmoja nililala kama saa sita, nimechoka hata viatu sikuvua. Mtu alipitisha kisu kwenye upenyo wa mlango wa chumba changu, akainua komeo, akaingia. Alichukua simu iliyokuwa pembeni ya mto wangu na mafurushi mawili ya nguo za wateja zilizokwisha kupigwa pasi. Niliamka kwa ajili ya daku nikakuta mlango uko wazi na upepo unaingia. Nguo za watu niliwalipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Fedha iliniuma, lakini kilichoninyima usingizi hasa ni kwamba alisimama hatua moja kutoka kichwani pangu na sikusikia chochote. Kwa hiyo naelewa unavyolala sasa hivi.

Kabla ya kutafuta waya wowote, leo usiku fanya hivi. Chukua kigoda, kisogeze nyuma ya mlango, weka juu yake sinia la bati lenye vijiko na vifuniko vya sufuria, sinia lichungulie ukingoni kiasi kwamba mlango ukisogea tu linaanguka. Bibi yangu alifanya hivyo maisha yake yote kwa vikombe vya bati. Hakihitaji betri na hakiharibiki. Kasoro yake ni kwamba kinalia mara moja tu, na mtu aliyechoka anaweza kuota kwamba kuna kitu kimeanguka akaendelea kulala. Lakini kwa usiku wa leo kinatosha.

Sasa kengele yenyewe. Wazo lake ni jepesi: kibanio cha nguo kinataka kujifunga muda wote kwa sababu ya chemchemi yake. Ukikiwekea chuma kwenye kila mdomo, midomo ikigusana umeme unapita. Ukiingiza kipande cha plastiki katikati, umeme unakatika. Plastiki hiyo unaifunga kwa uzi kwenye mlango. Mlango ukifunguka, uzi unavuta, plastiki inachomoka, kibanio kinajifunga, kengele inalia. Na inaendelea kulia hata mwizi akirudishia mlango haraka, kwa sababu plastiki haiwezi kurudi yenyewe. Hilo ndilo lililonifanya niipende kuliko nyingine zote. Njia ya mlango unaofunguka na kuunganisha umeme ni ya zamani sana. Augustus Pope wa Massachusetts, Marekani, alipewa hataza (haki ya mvumbuzi) ya kengele ya namna hiyo mwaka 1853, kabla hata ya taa za umeme kuingia majumbani.

Utahitaji kibanio kimoja cha mbao, pini mbili bapa za kubandikia matangazo, kama mita mbili za waya mwembamba (wa spika mbovu au wa chaja iliyokufa unafaa), betri nne za tochi, mshipi wa kuvulia samaki au uzi mgumu wa kushonea viatu, na ile kadi ya plastiki inayobaki ukishabandua laini mpya ya simu. Kadi hiyo ndiyo bora kuliko vyote nilivyojaribu. Kadi ya vocha ni karatasi. Ikipata unyevu inalainika, inakatika kwenye tundu la uzi, na kengele inabaki kimya.

Kinachosumbua watu wengi ni kitu cha kulia. Mimi nilianza kwa kufungua saa ya mezani iliyokufa, nikatoa kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia asubuhi, nikakiunganisha na betri. Kikafanya “tik” kimoja, basi. Nilidhani kimeharibika, kumbe ndivyo kilivyo: kisahani hicho peke yake kinahitaji kupewa umeme unaokuja na kukatika mara elfu kadhaa kwa sekunde, na kazi hiyo ndani ya saa ilikuwa inafanywa na ubao wake. Unachotaka wewe ni baza, kale kadude keusi ka mviringo kenye tundu juu, ambako kana mashine yake ndani. Ukikapa betri tu kanapiga “piii” bila kukoma. Fundi redio yeyote anako kwenye kopo la vyuma chakavu. Mwambie unataka ya kulia kwa betri moja kwa moja, volti 3 hadi 12, na mwombe aijaribu mbele yako kabla hujatoa hela. Ina waya mwekundu na mweusi; mwekundu uende chanya, ukigeuza hailii.

Usipoipata, kuna njia ambayo haihitaji kununua chochote. Tafuta kitu chochote cha betri kinachopiga kelele mara tu kinapowashwa: gari la polisi la mtoto lenye king'ora, au redio ndogo ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha. Kata vipande viwili vya foili, hata ile ya ndani ya pakiti ya sigara, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Weka karatasi ngumu katikati yake kama andazi lililobanwa, kila foili iwe na waya wake, kisha chomeka hiyo sandwichi kati ya betri moja na chemchemi inayoishika. Sasa betri imetengwa na redio, na hizo nyaya mbili zikigusana inarudi kuungana. Nyaya hizo ndizo unazopeleka kwenye kibanio. Redio iache imewashwa, sauti mwisho. Redio za kisasa za kubonyeza kitufe hazifai, kwa sababu umeme ukirudi zinasubiri zibonyezwe tena. Gari la mtoto mimi niliona lina kelele kuliko baza yangu, ila wapangaji wenzangu hawakulipenda.

Kuunganisha: menya ncha za nyaya, ncha ya kwanza izungushe kwenye mguu wa pini moja, ya pili kwenye pini nyingine. Kandamiza pini hizo ndani ya midomo ya kibanio zitazamane, vichwa vigusane sawasawa. Hakikisha ncha za pini hazitokezi upande wa pili wa mbao, zikitokeza zikate. Kisha chanya ya betri iende kwenye waya mwekundu wa baza, waya mweusi wa baza uende kwenye pini ya kwanza, na pini ya pili irudi kwenye hasi ya betri. Betri nne zipange zikifuatana, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, upate volti 6. Mimi nimezifunga ndani ya bomba la karatasi la vitambaa nililolikata, nikabana pande zote mbili kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo unazisukuma betri zisiachane. Tepu peke yake hulegea joto likizidi.

Unapokibandika kibanio kwenye mwimo wa mlango, shika mguu mmoja tu. Mara ya kwanza nilipiga gundi pande zote mbili na midomo ikashindwa kujifunga. Piga msumari mdogo au funga kwa waya mguu wa upande wa ukutani, mguu wa pili uachwe huru.

Mahali pa kukiweka nakuomba upazingatie sana. Weka juu, karibu na kona ya upande wa kitasa, mbali na bawaba. Mlango ukifunguka kidogo sana, tuseme nyuzi 5 za pembe, sehemu iliyo sentimita 70 kutoka kwenye bawaba inasogea kama sentimita 6. Iliyo sentimita 10 kutoka kwenye bawaba haisogei hata sentimita 1. Kwa hiyo kengele iliyo upande wa bawaba inaweza kuchelewa hadi mtu amekwisha kuingiza bega. Na ukiiweka juu, mkono unaopenya kwenye upenyo hauifikii, na mwanao naye haifikii. Kwa mlango unaofungukia ndani, funga uzi kwenye msumari ulio usoni mwa mlango, upite hadi kwenye kadi, na usiwe na ulegevu zaidi ya sentimita 2. Kadi iingie kwenye midomo kiasi cha ukucha, isizame. Ikizama sana uzi unaweza kung'oa kibanio kizima kabla kadi haijatoka.

Sasa habari ya kugoma. Niliitengeneza mwezi wa sita, ikafanya kazi vizuri, nikajiamini, nikaacha kuijaribu. Masika ya mwaka uliofuata, asubuhi moja nilisahau kuchomoa uzi, nikafungua mlango. Kadi ilitoka, kibanio kikafunga, kimya. Betri zilikuwa nzima. Nilichunguza mpaka nikaona pini zimeota kutu nyembamba ya rangi ya chai, sehemu ile ile zinapogusana. Pini hizo ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hewa ya chumvi ya hapa Tanga haiwezi kuiacha salama. Sikujua nilikuwa nimelala wiki ngapi nikiamini kitu kilichokufa. Moyo uliniruka kweli kweli.

Nilichofanya ni kuzisugua kwa msasa, kisha kuzizungushia nyuzi za shaba zilizo ndani ya waya wa kawaida, mizunguko kama kumi kwa kila mdomo, zimebanana. Shaba nayo inabadilika rangi, lakini kwa kuwa midomo ina nguvu ya chemchemi na nyuzi zinakwaruzana kila kadi inapochomoka, inajisafisha. Tangu hapo kila usiku nikishafunga komeo navuta kadi mara moja, inalia, narudisha, nalala. Ni sekunde mbili. Dada, hata ukisahau yote niliyoandika, hili la kuijaribu kila usiku lishike. Betri nazo zitoe kila baada ya miezi mitatu uziangalie. Kengele ikiwa kimya haitumii umeme hata kidogo, kwa hiyo haziishi haraka, ila betri za bei nafuu huvuja maji yanayokula vyuma.

Kama una dirisha linalokutia wasiwasi, kuna aina ya pili ambayo inalia waya ukikatwa. Hii nilisaidiwa na fundi redio wa jirani, na vipande vyake vyote vilitoka kwenye redio iliyokufa. Ni transista moja ya BC547, kale kadude ka miguu mitatu kanakofungua na kufunga njia ya umeme, na rezista moja (kipande kinachopunguza umeme) ya kilo-omu 47, ile yenye mistari ya njano, zambarau na chungwa. Ukiigeuzia transista uso wake bapa ukutazame, miguu chini, kutoka kushoto miguu ni kolekta, besi na emita. Emita inaenda hasi. Kolekta inashika waya mweusi wa baza, na mwekundu wa baza unaenda chanya. Rezista inatoka chanya hadi besi. Halafu kutoka besi unapeleka waya mwembamba kama unywele uzunguke dirisha lote na kurudi hasi. Waya huo ukiwa mzima, umeme mdogo wa rezista unapita humo na kurudi zake, transista imelala. Ukikatwa, umeme huo unageukia kwenye besi, transista inaamka, baza inalia. Inakunywa umeme kidogo sana ikiwa imesubiri, kama milliampia 0.13, betri za tochi zinakaa miezi kadhaa. Waya mwembamba utaupata ndani ya mota ya gari la mtoto, ila umepakwa vanishi. Ncha zake uzikwangue kwa wembe mpaka zing'ae, la sivyo umeme haupiti na kengele italia tangu mwanzo. Kwa mlango mimi bado nachagua kibanio. Vitu vyake ni vichache, na kikiharibika natengeneza mwenyewe usiku huo huo.

Kuna mchangiaji hapo juu amekushauri utege umeme wa ukutani kwenye kitasa au kwenye nondo za dirisha. Tafadhali usifanye. Umeme wa volti 230 haumtambui mwizi. Utamshika mwanao anayekwenda chooni, utamshika jirani anayekuja kukuambia kuna moto, utakushika wewe mwenyewe mikono ikiwa na maji. Volti 6 za betri nne hazimdhuru mtu hata akishika nyaya kwa mikono mitupu, na ndiyo maana naziamini ndani ya chumba chenye mtoto. Kwa ajili ya mtoto huyo huyo, ukifungua vichezeo vyake ukakuta zile betri ndogo bapa kama kifungo, zitoe ndani ya nyumba kabisa. Mtoto akimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache. Na usiweke kufuli kwa ndani halafu ufunguo ukauficha. Kengele yangu haizuii mlango kufunguka, na nimeiacha hivyo kwa makusudi: kukiwaka moto nataka kutoka kwa mkono mmoja, gizani, bila kutafuta kitu.

Bado kuna jambo ambalo sikulifikiria hadi liliponikuta. Mwaka 2023, saa nane usiku, kengele ililia. Niliruka kitandani nikapiga kelele neno lile ambalo kila mtu hulipiga: “Mwizi!” Kabla sijafika mlangoni korido ilikuwa imejaa watu, mmoja ana mchi, mwingine ana tofali. Taa ilipowashwa tukamwona aliyekuwa ameanguka kizingitini kwangu. Alikuwa mpangaji wa chumba cha tatu kutoka changu, mzee wa watu, amelewa, amekosea mlango. Alikuwa ameshapigwa ngumi mbili. Kama asingekuwepo mama mwenye nyumba akamtambua kwa sauti, mimi leo ningekuwa na damu ya mtu shingoni. Sijasahau alivyokuwa akiinua mikono kuficha uso.

Kesho yake niligonga kila chumba. Nikawaonyesha kengele, nikailiza waisikie, tukakubaliana: ikilia, wa kwanza kuamka awashe taa ya korido, kila mtu asimame mlangoni kwake, na mimi niite majina ya walio vyumba vya karibu. Hakuna kupiga neno mwizi. Kama ni mwizi kweli, mwanga na sauti za watu kumi zinatosha kumtoa mbio, na polisi tunawapigia 112. Mjumbe wetu naye anajua. Nakushauri na wewe uanze na hilo kabla hata ya kununua betri: zungumza na wa chumba cha kulia na cha kushoto, wajue mlio wako ukoje na wafanye nini wakiusikia. Mwanamke na mtoto peke yao chumbani, kengele ambayo jirani haielewi itakuamsha wewe tu, na ukishaamka unabaki peke yako na huyo mtu.

Kwa miaka yote hii imelia kwa kweli mara tatu. Moja ni hiyo ya mzee. Ya pili ni paka wa uani, aliyeuning'inia uzi niliokuwa nimeuacha mrefu. Ya tatu ilikuwa mwaka jana, karibu na alfajiri: mlango ulisukumwa, ikalia, nikasikia miguu ikikimbia koridoni hadi barabarani. Asubuhi tulikuta alama za kisu kwenye ubao, sehemu ile ile ya komeo. Cherehani yangu ilikuwa mahali pake na nguo za wateja zimekunjwa mezani.

Niambie kitu kimoja nikusaidie zaidi: mlango wako unafungukia ndani au nje? Kama ni nje, kibanio kibaki kwenye mwimo kwa ndani, lakini uzi uufunge kwenye ukingo wa ndani wa mlango wenyewe, ili unapovutwa nje uondoke na kadi. Na ukitaja kitu chochote cha betri ulicho nacho ndani, hata kiwe kimeharibika nusu, nitakuambia kama kinaweza kulia.